Wanaokwenda Chicago waelezwe haya mapema

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wanaojiandaa kwenda Chicago mambo ambayo wauza tiketi wengi hapa Kampala hawayagusii.

La kwanza ni mizigo. Ukibadilisha ndege katika mji mwingine wa Marekani, uhamiaji unakaguliwa hukohuko. Chukua masanduku yako, pita forodhani, kisha uyakabidhi upya, hata kama lebo imeandikwa Chicago. Ukiyaacha, yatabaki. Kwa hiyo usikubali tiketi yenye nafasi ya saa 1 tu kati ya ndege mbili. Tafuta angalau 3.

Ndege nyingi za kimataifa hushukia Terminali 5 ya O'Hare, uwanja wa ndege wa Chicago. Blue Line, treni ya kwenda mjini, haifiki hapo: panda treni ya bure ya uwanjani hadi Terminali 2, ufuate vibao. Blue Line inatembea usiku na mchana, na hadi mjini ni dakika 45 hivi.

Umeme wa kule ni volti 120, wetu 240. Chaja iliyoandikwa 100–240V inahitaji adapta ya pini bapa tu; pasi ya hapa itapata uvuguvugu.

Januari maji huganda. Utabiri wao ni wa Farenhaiti: 32 ndiyo sifuri yetu.

Msomaji wenu,
Ntinda, Kampala