Kelele za kumbi za muziki zitatuliwe kwenye ramani ya jengo

Mhariri,

Naishi Milimani hapa Kisumu, nyuma ya ukumbi ambao kila Ijumaa na Jumamosi huleta bendi ya benga au ohangla, na niseme mapema kwamba muziki wenyewe naupenda. Sauti ya mwimbaji hainisumbui, kwa maana ikinifikia huwa imefifia. Kinachotunyima usingizi ni besi. Saa saba usiku maji yaliyo katika gilasi kando ya kitanda changu hutetemeka kwa kila pigo, vioo vya dirisha vikavuma kama kwamba kuna lori lililoachwa nje likinguruma. Binti yangu, ambaye ni mtahiniwa wa KCSE mwaka huu, amezoea kuhamishia godoro lake jikoni.

Tumelalamika mara nyingi. Askari huja, spika hubebwa, wanamuziki hurudi makwao bila ujira, na baada ya wiki mbili mambo huwa yale yale, kwa sababu jengo halijabadilika: paa ni mabati matupu, upande mmoja ni mbao, na jukwaa limeelekezwa kwenye nyumba zetu.

Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, ambazo husimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinaruhusu desibeli 35 pekee kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi katika maeneo ya makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani. Bendi inayopiga kwa nguvu hufikisha desibeli 100 kwa urahisi. Umbali hausaidii sana, kwani mahali pa wazi sauti hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, hivi kwamba kilichokuwa 100 ukiwa mita 10 kutoka jukwaani bado ni kama 82 ukiwa mita 80. Tena sisi tulio karibu na ziwa tunajua jinsi sauti inavyosafiri usiku hewa ya chini inapopoa. Pengo lililobaki ni lazima lizibwe na jengo lenyewe.

Hapa ndipo wenye kumbi wengi hupotea. Nimeona ukuta mzima uliopigiliwa trei za mayai, mwenyewe akiamini amemaliza kazi. Trei hizo hupunguza mwangwi kidogo mle ndani lakini hazizuii chochote kutoka, kwa kuwa hazina uzito, na besi huzuiwa na uzito: ukuta wa mawe au tofali uliopigwa lipu pande zote mbili bila kuacha upenyo, na dari zito lililoachiwa nafasi ya hewa chini ya mabati. Mlango uwe wa pili ndani ya wa kwanza, mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa. Na kwa joto la Kisumu hakuna atakayekubali kufungiwa bila hewa, kwa hiyo feni zipitishe hewa kwenye njia ndefu zenye kona, zilizotandikwa ndani kitu cha kunyonya sauti. Spika ndogo nyingi zikitundikwa karibu na wasikilizaji hutosheleza ukumbi kwa sauti ya chini kuliko mbili kubwa za jukwaani, na zile za besi ziwekewe mpira chini zisitikise sakafu.

Sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi inaipa serikali ya kaunti uwezo wa kuambatanisha masharti na idhini ya ujenzi. Naomba masharti haya yawe miongoni mwake, na kabla ukumbi haujafunguliwa kelele zipimwe katika chumba cha kulala cha jirani wa karibu zaidi. Haki itendeke pande zote pia: jimbo la Victoria nchini Australia tangu 2014, na Uingereza tangu 2018, yanafuata utaratibu kwamba anayekuja baadaye ndiye anayegharamia kinga. Anayejenga ghorofa za kupangisha kando ya ukumbi wa miaka mingi aweke madirisha mazito yeye mwenyewe, asije akafungisha ukumbi alioukuta.

Ukumbi ulio nyuma yangu sasa unaongezwa orofa ya pili. Kuta zimefika usawa wa madirisha na paa halijaezekwa, kwa hiyo wakaguzi wa kaunti bado wana muda wa kuja kuitazama ramani yake.

Mkazi wa Milimani,
Kisumu