Barua kwa mwanangu, kabla hujarudi likizo

Mwanangu,

Marahaba. Huku Mbeya baridi ya Juni imeshaingia, asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu. Njoo na sweta.

Najua unaogopa kurudi, na si safari unayoiogopa. Ni meza, kwa huo ugonjwa wako wa kujinyima chakula, na shangazi zako. Nimeshaongea nao. Kwetu mtu akinawiri husifiwa mlangoni, tena kwa nia njema, na wewe sifa moja tu hukufungia chakula siku nzima. Nimewaambia wakuulize habari za chuo, hata za mchumba, afadhali. Mwili wako wasiutaje kabisa. Shangazi mkubwa kanuna. Atapoa.

Bibi yako bado anaamini ulirogwa, nami simbishii sana. Kilichonipa kazi ni sahani: uliporuhusiwa hospitali alitaka akujazie ndizi na nyama siku hiyo hiyo. Nikamweleza alivyotueleza daktari, kwamba mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, fosfeti, aina ya madini mwilini, hushuka kwenye damu na moyo unaweza kugoma. Ndiyo maana walikuanzishia kidogo kidogo huku wakikupima damu. Akanyamaza, kisha akasema hata ng'ombe aliyeshinda njaa haachiwi tu kwenye majani mabichi. Basi ameelewa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitupikia wote, ukikusanya mapishi kwenye daftari, nawe huonji? Na ulivyokuwa mkali kwa mdogo wako? Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, vijana wa kiume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa wiki 24, ili wataalamu wajifunze namna ya kuwarudisha watu walioteswa na njaa ya vita. Wakaanza kuwaza chakula mchana na usiku, kusoma vitabu vya mapishi, kuchezea chakula kwenye sahani, kukasirika, kujitenga. Hawakuwa na ugonjwa wako. Njaa peke yake iliwafanya hivyo, na hata waliporudi kula haikuwatoka mara moja. Kwa hiyo acha kuniomba radhi kila ukipiga simu.

Ratiba ni ile ile ya mtaalamu wa lishe: milo mitatu na vitafunwa katikati. Nitapakua mimi, ingawa wewe ni mtu mzima. Hamu isipokuwepo, utakula bila hamu, nami nitakaa nawe mpaka tumalize. Ile saa baada ya kula, uliyosema ndiyo mbaya kuliko zote, tutacheza karata. Mdogo wako siku hizi anaiba waziwazi. Mizani imetoka nyumbani, uzito utapimwa kliniki tu. Ukihisi kizunguzungu au moyo kwenda ovyo, ni hospitali, hatujadiliani.

Ukifika Uyole nipigie, baba yako atakuja stendi. Usiku huo tutakula wali wa Kyela, maharage na parachichi. Nakutajia mapema kwa sababu ulisema ukijua kilichopo unalala.

Mama yako