Barua ya wazi kwa vijana wa mwalo wa Kibirizi mnaotukwepa

Wanangu,

Marahaba nawapa mapema, maana siku hizi mkiniona sokoni Mwanga mnageukia kwenye mitumba mpaka nipite. Sijakasirika. Mimi siwadai hata senti, ila naketi na wanaowadai, basi mmenihesabu humo humo.

Habari zenu mwalo mzima unazijua, sina haja ya kuzianika upya. Ziwa letu la Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana, mlikopa kwenye sanduku la kikundi mkaahidi kurudisha dagaa wakianza kutoka. Dagaa walitoka. Fedha ya kwanza ikaishia kwenye gongo, ya pili kwa mwanamke asiye wa nyumbani, na kuna mmoja wenu aliyekuwa na ufunguo ambaye hata kukopa hakukopa, alichukua tu. Tangu hapo kwaya mmeiacha, ibadani hamji, na mkifiwa mnazika kimyakimya kama wageni. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Habari ya mwana mpotevu sitawasimulia. Mmeisikia tangu shule ya Jumapili, mnaweza kunisahihisha nikikosea. Nitawapeleka ziwani, mahali mnapopajua kuliko mimi.

Petro alimkana Bwana wake mara tatu, tena akiwa anaota moto wa makaa na watumishi wa kuhani mkuu kwa sababu ya baridi. Baadaye tunamkuta kwao Galilaya, amerudi kwenye kazi ya zamani. "Naenda kuvua samaki," aliwaambia wenzake, na sita wakaingia naye chomboni. Usiku kucha hawakupata kitu. Ninyi hamhitaji mhubiri awaeleze maana ya kuchoma mafuta mpaka alfajiri halafu wavu unapanda mtupu. Kumepambazuka, kuna mtu ufukweni, na mbele yake moto wa makaa, samaki na mkate. Katika Injili ya Yohana moto huo wa makaa unatajwa mara mbili, sura ya 18 Petro alipoanguka, na sura ya 21 aliposimamishwa. Mara nyingi huwa najiuliza alijisikiaje aliponusa ule moshi.

Sasa tazameni utaratibu wa Bwana. Hakumwita pembeni kumhoji. Aliwaambia wote, "Njoni mfungue kinywa." Mfufuka amewapikia watu waliomkimbia usiku wa kukamatwa kwake, amewaandalia na mkate, na akaomba waongeze samaki wao waliowapata muda ule. Walipokwisha kula ndipo akamgeukia Petro. Hata hapo hakumwuliza kwa nini alimkana. Alimwuliza kama anampenda, mara tatu, sawasawa na zile za uani kwa kuhani, na kila jibu akalitia kazi: lisha, chunga, lisha. Mara ya tatu Petro alihuzunika. Kwa hiyo msidhani neema inapita mbali na kidonda. Inakigusa, lakini inaanza na kifungua kinywa.

Na kuna jambo ambalo mvuvi analiona haraka kuliko padri au mchungaji. Petro alipoitwa mara ya kwanza, katika Luka 5, samaki walikuwa wengi mpaka nyavu zikaanza kukatika. Safari hii ya pili, baada ya aibu yote ile, walihesabu samaki wakubwa 153, na Yohana anaona ni lazima atuambie kwamba wavu haukupasuka. Sisemi kila anayerudi atajaza mtumbwi. Nasema yule aliyemwita tena hakumpa kazi iliyopunguzwa kwa kuwa alishamwangusha.

Nyinyi mliovuka kwenda Kalemie, upande wa Kongo, mkidhani maji yale yatawaficha, Yona naye alilipa nauli akapanda merikebu. Majirani zetu wa Ujiji wanamsoma Nabii Yunusi vilevile, waulizeni kama alifika alikokuwa anakimbilia. Alipotapikwa nchi kavu, "neno la BWANA likamjia Yona mara ya pili," na lilimtuma Ninawi ileile aliyoikimbia.

Kuna mwingine aliyeanguka juma lile la Petro, na naona hatumsemi vya kutosha. Yuda alijuta. Alirudisha vipande vyote thelathini vya fedha, jambo ambalo kati yenu bado hakuna aliyelifanya. Lakini majuto yake aliyapeleka kwa makuhani waliomnunua, nao wakamjibu ayaangalie mwenyewe. Akaondoka peke yake, akaenda kujinyonga. Petro alilia kwa uchungu, ila baadaye tunamwona yumo kati ya wenzake. Nimesikia kuna mmoja wenu anayesema afadhali ziwa limchukue. Mwanangu, kama ni wewe unayesoma, usilale na neno hilo usiku wa leo. Mwambie mtu aliye karibu nawe, au njoo kwangu saa yoyote, hata saa nane za usiku, ugonge. Habari ya deni tutaizungumza siku nyingine.

Nikirudi kwenu nyote. Kusamehewa ni jambo la saa moja, kutengenezwa kunachukua muda, na wengi huvunjikia hapo katikati. Itazameni meli yetu ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Iliopolewa mwaka 1924, na ilianza tena kubeba abiria mwaka 1927. Miaka yote hiyo katikati ilikuwa imeshatoka majini, lakini hakuna aliyeikatia tiketi. Na tangu hapo imerudi kwenye ukarabati zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo atakayerudi asinung'unike akinyimwa ufunguo. Sanduku lina kufuli tatu kwa sababu tunajua sisi ni watu wa namna gani. Marko aliwaacha Paulo na Barnaba mjini Perge, njia ikiwa bado mbichi, na Paulo akakataa kusafiri naye tena. Wakagombana mpaka wakaachana, Barnaba akamchukua kijana akaenda naye Kipro. Paulo yuleyule, kifungoni, anamwandikia Timotheo: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Kati ya kule kukataa na hili neno kuna miaka, na Marko aliitumia kufanya kazi.

Deni lilipwe. Zakayo hakuambiwa alipe kwanza ndipo Yesu aingie kwake. Yesu aliingia, na yeye mwenyewe akasimama akasema atarudisha mara nne. Hatuwaombi mara nne. Tunaomba mje mkitaja kiasi chenyewe bila kupunguza, mkubaliane mtatoa ngapi kila giza, yaani kila kipindi cha usiku usio na mbalamwezi mnapovua, na mwezi ambao ziwa limewanyima mseme limewanyima, msizime simu. Aliyeiba aseme niliiba, asijifunike na neno nilikopa. Na wake zenu waambieni wenyewe kabla ya kikundi.

Wazee wenzangu, nanyi nina neno nanyi. Zaburi ya 130 inauliza, kama Bwana angehesabu maovu, nani angesimama? Baadhi yetu tunayo daftari nadhifu kuliko la katibu, limejaa majina ya watoto wa watu. Kijana akirudi asiwekwe benchi la nyuma kama mfano wa kutazamwa. Na fedha za wajane zilizomo kwenye sanduku lile tusizisamehe kwa niaba yao. Hizo si zetu. Huruma inayotumia fedha ya mjane siijui mimi.

Mbalamwezi ikija mtakuwa nchi kavu. Jumamosi ya kwanza ya mapumziko hayo, saa kumi jioni, nitakuwa nyuma ya kanisa, chini ya mwembe, na mwenyekiti wa kikundi na katibu. Chai na mihogo vitakuwepo, tutakula kwanza. Kila mmoja aje na hesabu yake imeandikwa, na asiyejua kuandika nitamwandikia mimi. Walioko Kalemie wapelekeeni ujumbe huu kwa wenye maboti.

Mzee wenu wa kanisa,
Kigoma