Kwa kaka yangu, kuhusu sauti ya bibi

Kaka, shikamoo. Kwa kuwa simu zangu hupokei tangu tuanue matanga, nimeona nikuandikie hapa.

Wewe ndiye bibi aliyekuwa akikuita wa kwanza kila magharibi ilipoingia, na ukiitika tu alitulia. Ndiyo maana sikutarajia kwamba ni wewe utakayeninyang'anya simu mbele ya wazee, rekodi ya bibi akiimba wimbo wake wa kutwanga ikiwa katikati, ukisema kwamba maiti hana sauti na kwamba ninaleta ushenzi msibani. Shangazi alikuwa ameanza kuitikia kiitikio. Alinyamaza ghafla, akajifunika uso kwa khanga, na hilo siwezi kulisahau.

Huko London unakoishi, katika British Museum, kuna jiwe jeusi lililofika mwaka 1805, ambalo Shabaka, Farao wa Misri na mtu wa Kushi katika Sudan ya leo, aliagiza lichongwe yapata mwaka 700 kabla ya Kristo ili kuokoa maandiko ya kale yaliyokuwa yameliwa na wadudu. Linaeleza kwamba Ptah, mungu wa Memphis, mji wa kale wa Misri, aliwaza kwa moyo na kutamka kwa ulimi, na alichokitamka kikawa: miungu, miji, vyakula, kila chenye uhai. Watu walioamini kwamba ulimwengu ulitoka kinywani hawakukubali marehemu wao azikwe bubu. Kuhani aliugusa mdomo wa maiti kwa tezo, kama ile ya seremala, ili apate tena kupumua, kula na kusema, kwa maana mbele ya Osiris, mungu wa wafu, angepaswa kujitetea kwa kinywa chake mwenyewe, akiyakana makosa moja baada ya jingine. Katika kaburi la Farao Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, amechorwa ukutani mrithi wake, Ay, akimfanyia ibada hiyo.

Sikuambii uabudu Ptah. Tumelelewa katika dini moja. Nakushauri tu, mimi mdogo wako, usiite ushenzi jambo ambalo Waafrika wenzetu walilitafakari na kulichonga katika jiwe. Wala mimi sikujitungia: bibi mwenyewe, akiwa kitandani, aliniomba wimbo ule usikike siku ya mazishi yake. Gharama zote za hospitali ulizilipa wewe, na Mungu akulipe, lakini maneno hayo niliyasikia mimi niliyekuwa nikimnywesha uji.

Rekodi ninayo na sitaifuta. Ukiitaka, mpigie kwanza shangazi.