Mahindi yapimwe sokoni, na yapimwe vizuri

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi nasaga unga wa lishe hapa Dodoma, mahindi, karanga na ulezi, wateja wangu wengi ni wamama wenye watoto walioanza uji juzi juzi tu, ndo maana hili jambo la sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka na karanga, linaninyima usingizi.

Watu bado wanaamini ukishachambua ukatupa punje zenye ukungu umemaliza kazi. Kuchambua kunasaidia, mimi siachi hata siku moja, ila sumu yenyewe haionekani, haina harufu wala ladha, punje unaiona nzuri kabisa kumbe imo, na uchemshe uji mpaka uchoke haitoki. Mwaka 2016 ilitukuta huku huku, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua, macho ya njano, matumbo yamevimba, 20 wakafariki.

Sasa kinachoniuma ni upimaji. Msimu uliopita nilinunua magunia 20, nikachota bakuli moja gunia la kwanza nikapeleka maabara, majibu safi. Roho ikakataa kutulia, nikaazima bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli ndani ya gunia, kwa jirani mwenye ghala, nikachoma kila gunia juu, katikati na chini, nikamwaga kwenye turubai, nikachanganya, nikasaga, nikarudi nayo, safari hii sumu imepita kiwango kinachoruhusiwa cha mikrogramu 10 kwa kilo. Mahindi yale yale! Ule ukungu haukai sawasawa, punje chache tu gunia zima ndo zinakuwa zimebeba sumu karibu yote, ukichota pembeni umezikosa. Na siku ile ya kwanza hakuna aliyeniuliza sampuli nimeichukuaje.

Nyumbani angalau pima unyevu kabla hujaweka ghalani. Chupa ya kioo iwe kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, chumvi ikinata kwenye kioo hayajakauka, rudisha juani, kwenye turubai siyo chini kwenye udongo. Hiyo haikwambii kama sumu imeshaingia, ila inakwambia kama unaikaribisha. Na yale mabovu jamani tusimpe ng'ombe wa maziwa, sumu inatoka na maziwa tunayakamua tunamnywesha mtoto.

Ombi langu ni hili, soko la nafaka kama Kibaigwa, malori yanavyopakia pale, awepo mtu mwenye bambo, kinu kidogo na vile vipimo vya haraka vinavyofanana na vya malaria, majibu dakika chache, mkulima apimiwe kabla hajauza na gharama itoke kwenye ushuru ambao tayari tunalipa kwa kila gunia.

Yale magunia yangu 20 bado yako stoo, sisagi, siuzi, na kila ninayemuuliza niyapeleke wapi ananiambia subiri.

Msagaji wa lishe, Dodoma