Mbuzi apimwe mimba kabla ya sindano ya joto

Mhariri,

Mwezi uliopita mbuzi wangu wa maziwa alitupa mapacha wa miezi mitatu. Walikuwa wametimia viungo vyote, kwato hadi masikio, manyoya tu ndiyo hayajaota.

Siku mbili kabla, nilimwita kijana wa duka la dawa za mifugo kwa kuwa mbuzi alikaa muda mrefu bila kutaka beberu. Akamdunga sindano ya kuleta joto. Hakumpima, wala hakuniuliza lolote. Angeniuliza, ningekumbuka siku ile beberu wa jirani alipokata kamba akaingia bandani mwangu.

Jirani mwingine alishangaa, maana kondoo wake aliwahi kudungwa dawa hiyo hiyo akiwa na mimba ya miezi mitatu, akazaa salama. Daktari wa mifugo ndiye aliyenifumbulia. Mimba hushikiliwa na homoni ya projesteroni. Kondoo akifika siku 50 hivi, kondo lake la nyuma huanza kutengeneza projesteroni ya kutosha, kwa hiyo hata ovari zikinyamaza, mtoto hubaki. Mbuzi hajajaliwa hivyo. Kondo lake humlisha mtoto na kumpa hewa, lakini projesteroni ya kuishika mimba hutoka kwenye kivimbe kilicho juu ya ovari, tangu mwanzo hadi anapokaribia kuzaa, kama siku ya 150. Sindano ile ni prostaglandini, na kazi yake ni kukinyausha kivimbe hicho. Kikinyauka, mimba inatoka, iwe ya mwezi mmoja au minne. Ng'ombe naye yumo hatarini, hasa miezi mitano ya kwanza.

Kuna jambo linaloninyima usingizi hadi leo. Aliyemshika mbuzi pembe siku ile ni binti yangu, naye ni mjamzito. Dawa hii ikimwagikia mtu hupenya ngozi. Inaweza kumharibia mwanamke mimba, na mwenye pumu ikambana kifua. Kijana hakuvaa glavu, wala hakumwambia binti yangu asogee. Namshukuru Mungu hakuna tone lililomgusa.

Naomba wenye maduka ya dawa za mifugo wasimdunge mbuzi prostaglandini kabla daktari hajampima mimba, na mama mjamzito atolewe bandani kabla chupa haijafunguliwa.

Mama mfugaji,
Mutuini, Dagoretti,
Nairobi