Tatizo si kanuni, ni magadi

Mhariri,

Hapa Kigoma vijana wanaosafisha picha nyeusi na nyeupe wameanza kujichanganyia dawa ya kutoa picha kwenye karatasi, na wanafanya vema. Kanuni ya D-72, dawa hiyo ya kampuni ya Kodak, haina siri. Picha zikitoka za kijivu lawama huenda kwa karatasi, kumbe kosa liko kwenye magadi ya sokoni yanayotiwa badala ya kabonati ya sodiamu safi, ambayo yana chumvi, udongo na bikabonati tele. Dawa inakosa ukali, weusi hauji.

Kwa lita moja: metoli (moja ya kemikali mbili zinazotoa picha) gramu 3, salfaiti ya sodiamu kavu 45, haidrokwinoni (ya pili) 12, kabonati ya sodiamu kavu 67.5, bromaidi ya potasiamu 2. Maji mililita 500 ya nyuzi 50, yaliyochemshwa na kuchujwa. Tia kwanza salfaiti chembe tu, kisha metoli mpaka iyeyuke yote, ndipo salfaiti iliyobaki. Ukitanguliza salfaiti yote, metoli itaelea tu. Zinazofuata ni haidrokwinoni, kabonati na bromaidi, kwa mpangilio huo. Kabonati inyunyizwe huku unakoroga. Ukiimwaga yote kwa mkupuo inaganda chini kama jiwe. Jazia maji hadi lita.

Kabonati ikikosekana, nunua soda ya kuokea dukani. Kaanga gramu 107 kwenye kikaango kikavu cha chuma. Itatokota kama uji, ingawa haina maji, kisha itatulia. Ipime: ikibaki gramu 67 au 68 imeiva. Ikiwa bado 80, rudisha jikoni. Sufuria ya alumini usiiguse, kabonati inaila.

Kutumia, changanya sehemu moja ya dawa na mbili za maji, uache karatasi ndani dakika moja na nusu kwa nyuzi 20. Maji ya bomba hapa kwetu ni ya moto mno kwa kazi hii. Picha inajitokeza upesi mno, unaitoa kwa sekunde 30, kijivu kinabaki na mabaka. Maji ya mtungi yanasaidia sana wakati wa kiangazi. Masika mtungi haupozi hivyo, basi weka trei ndani ya beseni la barafu, si barafu ndani ya dawa.

Vaeni glavu, metoli inawasha. Chupa ijazwe hadi shingoni, na dawa ikiwa nyeusi kama chai ya rangi, imwageni.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma